Kioo cha nyuma nilichoambiwa nikitupe bado kinafuta ukungu

Kila fundi niliyemwendea alinipa jibu lilelile, kwamba kioo cha nyuma cha gari, kile kinachopashwa joto kwa umeme ili kifute ukungu, kikishapoteza joto hakitengenezeki, bali hung'olewa kikawekwa kingine. Mmoja wao, kijana mwenye maneno matamu, alinipigia hesabu pale pale kabla sijazima injini: "Dada, hapo kuna kioo, kuna gundi, kuna ufundi, halafu gari utatuachia ilale." Hakushika waya hata mmoja, wala hakuniuliza kama ni kioo kizima kilichokuwa kimepoa au ni sehemu tu. Kinyongo hicho bado ninacho, kwa sababu kioo kilekile kingali kwenye gari langu na kinafuta ukungu vizuri, na fedha nilizotumia hazikufika hata sehemu ya kumi ya bei aliyonitajia.

Swali ambalo hakuniuliza ndilo lililokuwa na jibu. Mistari ya rangi ya kahawia inayoonekana kwenye kioo cha nyuma cha magari mengi si nyaya zilizofichwa ndani ya kioo, kama wengi wanavyodai kwa uhakika mkubwa, bali ni rangi yenye madini ya fedha iliyochapwa upande wa ndani na kuchomwa kiwandani ikashikamana na kioo. Upande mmoja umeme unaingia kwenye mhimili wa wima, unagawanyika katika mistari yote, kisha unakusanyika kwenye mhimili wa pili na kutokea kwenye bodi ya gari, yaani chuma chake kinachourudisha umeme kwenye betri. Kwa kuwa kila mstari unajitegemea, mmoja ukikatika mingine inaendelea na kazi. Ukungu ukibaki kama utepe mmoja katikati ya kioo kilichosafika, basi umekatika mstari mmoja tu, na kioo hakina kosa lolote la kukifanya kitupwe. Lakini kikibaki na ukungu chote, ubovu unatafutwa kwenye fyuzi, relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), waya au swichi, kabla hata ya kukigusa. Changu kilikuwa na tepe mbili za ukungu, moja ikiwa usawa wa macho kabisa, mahali ambapo taa za gari la nyuma hugeuka kuwa madoa ya mwanga usiku wa mvua.

Nilipotangaza kwamba nitakitengeneza mwenyewe, ushauri ulimiminika. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kukosa dawa ya kitu chochote, aliniapia kwamba ncha ya penseli inapitisha umeme, na kwamba nikiichora mara nyingi juu ya mahali palipokatika mstari utafufuka. Ni kweli kwamba inapitisha umeme, na jambo hilo ndilo lililonifanya nimsikilize. Nilichora mpaka mkono ukaniuma, nikachonga penseli na kuchora tena, shemeji akiwa amesimama nyuma yangu ananihimiza nikaze mkono. Tulipowasha, kioo kizima kilisafika isipokuwa pale pale penye mchoro wetu. Mstari mmoja wa kioo hupitisha takribani ampea moja, na alama ya penseli ina ukinzani mkubwa mno kuweza kuubeba umeme wa kiasi hicho. Shemeji hakukata tamaa. Alileta kipande cha karatasi ya alumini na gundi, tukakibandika kwa uangalifu ambao daktari wa macho angeuonea wivu, na bado hakuna kilichotokea, kwa kuwa gundi yenyewe ilikuwa imeuzuia umeme usifike kwenye karatasi. Nilikikwangua kwa ukucha, kwa kuwa wembe ungeondoka na mstari wenyewe.

Kilichofaa ni mita ya umeme, ile ya bei ndogo kabisa. Niliizungushia ncha yake nyekundu kipande cha ile ile karatasi ya alumini ya shemeji ili isikwaruze mistari, nikaishikiza ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, nikawasha joto la kioo huku injini ikinguruma. Kwenye mstari mzima, mita husoma karibu volti 12 upande umeme unakoingilia, hushuka taratibu kadiri unavyosogea, ikafika karibu 6 katikati, na kuishia karibu na sifuri upande wa pili. Kwenye mstari uliokatika mambo ni tofauti kabisa: 12 inakuwa 12 hata katikati, inaendelea kuwa 12, kisha ghafla, ndani ya upana wa unywele, inaanguka hadi sifuri. Hapo ndipo palipokatika. Niliweka alama kwa kalamu upande wa nje wa kioo, nikamulika tochi kutoka nje, na nikauona mwanya wenyewe, mdogo kiasi kwamba ningeweza kukitazama kioo hicho mwaka mzima nisiuone. Mwanya wa pili ulikuwa karibu na ukingo wa chini, mahali ambapo mizigo ya nyuma hukisugua kioo, na tangu siku hiyo hakuna sanduku linalopangwa kwenye gari langu likaegemea kioo.

Rangi ya fedha ya kuungia mistari hii inauzwa katika vichupa vidogo visivyozidi kidole gumba, na bei yake kwa ukubwa wake inakera, lakini kichupa kimoja kinatosha kuunga zaidi ya utakavyohitaji. Nilisafisha kwa spiriti, nikabandika tepe mbili juu na chini ya mstari ili kubaki na mfereji mwembamba wenye upana uleule, nikapaka rangi ikavuka mwanya na kupanda kidogo juu ya mstari mzima pande zote mbili, nikaacha ikauke na kupaka tena. Sehemu ngumu ilikuwa kusubiri siku nzima bila kuwasha. Shemeji alitaka tujaribu baada ya saa moja, nami nikaweka ufunguo mfukoni mwangu.

Tulipowasha, tepe zote mbili za ukungu zilitoweka. Nilikaa na furaha hiyo kwa muda, kisha kioo kikapoa chote, mistari iliyoungwa na isiyoungwa. Yule kijana wa maneno matamu angefurahi sana. Fyuzi ilikuwa nzima na relei ilisikika ikigonga. Nilichukua mita nikapima mhimili wa kuingilia, nikapata 12. Nikapima mhimili wa kutokea, ambako ningepaswa kupata karibu na sifuri, nikapata 12 pia. Nilikodoa macho, nikapima upya, 12. Hapo nilicheka peke yangu ndani ya buti, kwa kuwa mita ilikuwa imenimalizia kazi: umeme unafika kwenye kioo na kukijaza chote, ila hauna njia ya kutokea, kwa hiyo hautembei, na usiotembea hautoi joto. Waya wa bodi ulikuwa umekatika mahali fulani. Niliufungua na kuufunga mlango wa nyuma polepole huku mita ikiwa imeshikizwa, na mlango ulipofika nusu, namba ikaanguka. Nikauinua zaidi, ikarudi 12. Nyaya zinazokwenda kwenye mlango wa nyuma hupita ndani ya bomba la mpira karibu na bawaba, na kila mlango unapofunguliwa hukunjwa mahali palepale, mpaka ifike siku shaba inakatika huku ganda la nje likionekana zima. Nilivuta mpira huo nje, nikavuta waya mmoja mmoja kwa vidole, na mweusi ukarefuka kama kamba ya viatu iliyochoka, maana ndani yake hapakuwa na shaba tena. Niliuunganisha kwa kuuongezea kipande cha waya wa unene uleule, nikaulehemu, nikauvisha ganda jipya. Ukiambiwa kioo chako ni kibovu na gari lako lina mlango wa nyuma unaoinuka, anzia kwenye mpira huo.

Kuhusu matumizi, joto la kioo hula ampea 10 hadi 20 au hata zaidi, na ndiyo maana katika magari mengi hujizima lenyewe baada ya takribani robo saa. Kuliwasha huku injini imezimwa ni kuinyonya betri bila sababu. Mara nyingi vioo vya pembeni vinavyopashwa joto huwashwa na swichi hiyohiyo, jambo ambalo watu humiliki gari kwa miaka bila kulijua. Kioo husafishwa kwa kitambaa laini kufuata urefu wa mistari, si kukata juu yake, na stika iliyobandikwa juu ya mistari hulainishwa kwa maji ya vuguvugu na kuvuliwa pole pole. Yule anayemwaga maji yanayochemka juu ya kioo chenye barafu siku moja atakipasua.

Viti, ambavyo navyo hupashwa joto kwa umeme, vilinitafuta baadaye. Cha dereva kilianza kuunguza fyuzi, na shemeji, safari hii bila penseli, alisema: "Shemeji, hiyo fyuzi ni ndogo, weka ya ampea 30 umalize." Nilikataa kwa ukali ambao nilimwomba radhi baadaye. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ili ife yenyewe badala ya waya. Ukiweka ya 30, waya ndio unaogeuka fyuzi, na waya huo umepita chini ya zulia, chini ya sponji, chini yako wewe mwenyewe uliyekaa. Nilichomoa betri, nikasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote chini ya kiti, kwa sababu plagi za njano zilizo huko ni za mifuko ya hewa inayofumuka ajalini na haziguswi gari likiwa na umeme. Kisha nikakisogeza kiti mbele na nyuma nikitazama kwa tochi. Waya wa joto ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake na kila kiti kiliposogezwa reli iliutafuna, hadi shaba ikawa inagusa chuma. Niliuvisha ganda, nikaufunga mbali na reli, na fyuzi ya 15 iliyowekwa siku hiyo haijaungua.

Jambo ninalolisisitiza kwa abiria wangu ni ngozi yao. Joto la nyuzi 44 au 45 za Selsiasi linaweza kuiunguza ngozi likikaa muda mrefu, ingawa mtu mwenye hisia timilifu hulivumilia kwa muda bila kulalamika. Mama yangu ana kisukari na miguu yake imepungua hisia, kwa hiyo yeye hapaswi kusubiri aone joto limezidi, kwa kuwa hataliona. Akiwa ndani, kiti huwashwa kabla hajaketi na kuzimwa safari inapoanza. Tahadhari hiyo inawahusu pia waliopooza, waliokunywa dawa za usingizi, walevi na watoto wachanga. Blanketi au mto haviwekwi juu ya kiti kinachopashwa, kwa sababu hufungia joto pale kipimo cha ndani kinapodhani kiti bado kimepoa, au hulizuia lisilifikie paja la mtu na kumfanya aongeze nguvu. Magoti hayapandwi juu ya kiti, wala pini hazichomwi kufungia kava, maana waya ulio chini ukivunjika nusu, pale palipovunjika ndipo panapochemka peke yake. Kiti changu cha nyuma hakina joto la kiwandani, na mkeka wa kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara niliununua baada ya kuhakikisha una kipimo chake cha joto na unajizima wenyewe. Waya wake ukianza kuwa moto kwenye plagi, unachomolewa, si kubadilishiwa fyuzi.

Usukani, ambao nao hupashwa joto, ndio kitu pekee nilichokataa kukifungua. Joto lake lilipokufa, na honi ikafa siku hiyohiyo, nilijua kosa liko kwenye utepe wa umeme unaojiviringisha nyuma ya usukani, ambao hupitisha pia umeme wa mfuko wa hewa ulio mbele ya kifua changu. Nilimpelekea fundi wa umeme anayejua kazi yake, nikamwambia nilichokidhani, akaupima mbele yangu kabla ya kutaja bei, na alipoitaja niliilipa bila kunung'unika.