Kutoka kusi kwenda kaskazi: ninavyojipanga kabla joto la pwani halijaingia

Ukitazama kipimajoto cha mchana peke yake, pwani yetu inaonekana haibadiliki sana. Dar es Salaam mwezi Julai mchana hufika nyuzijoto 29 hivi, na Februari 32 au 33. Usiku ndio unaosema kweli: kipupwe hushuka hadi 18 au 19, na wakati wa chaka, msimu wa joto kali, hukwama kwenye 24 au zaidi, upepo umekufa na shuka limelowa jasho. Mimi ni mkulima wa mwani upande wa mashariki wa Unguja, na nina kuku wa nyama nyumbani. Mipango yangu yote ya Septemba hadi Machi naiegemeza kwenye joto la usiku, unyevu wa hewa na upepo. Joto la juu la mchana nalisoma mwisho.

Sababu yake ni jasho. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70 mwili huisikia kama 30. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu huohuo mwili huisikia kama 41. Kipimajoto kimepanda nyuzi nne, mwili umeongezewa kumi na moja, kwa kuwa jasho halikauki tena. Kuku hatoki jasho kabisa. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikishajaa mvuke kuhema kwake hakumsaidii sana.

Maandalizi huanza mwishoni mwa Agosti, kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, kinapotoa mwelekeo wa Oktoba hadi Desemba kwa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Karibu na wakati huo huja pia mwelekeo wa vuli wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa Tanzania na wa idara ya hali ya hewa ya Kenya. Ramani ya joto siipi muda mrefu: miaka hii karibu kila mara inasema joto litazidi wastani, nami hilo nalihesabu tangu mwanzo. Naikazia macho ramani ya mvua. Vuli nzito huleta mawingu, kwa hiyo mchana hupungua makali, ila usiku hubaki na fukuto, na maji ya mvua humwagika juu ya mwani maji yakiwa yamekupwa. Vuli hafifu huleta mbingu nyeupe mapema, na maji ya ndani ya mwamba huanza kuchemka Novemba badala ya Januari.

Zile asilimia watu huzisoma vibaya. Ramani inagawa uwezekano katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Mtu asiyejua lolote angeweka 33 kwa kila fungu. Kwa hiyo asilimia 45 ya mvua juu ya wastani ni mizani iliyoinama kidogo tu, na mpango wa pili lazima uwepo. Ninachotafuta katika maelezo yanayofuatana na ramani ni hali ya Bahari ya Hindi yenyewe. Upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huelekea kunenepa, kama ilivyokuwa 2019, mvua ilipopiga kanda nzima. Ikiwa kinyume chake, natarajia ukavu.

Halafu kuna suala la mahali ulipo. Mwelekeo mmoja hautoshi pwani yote. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki wa msimu wa joto, huanza kushika Lamu, ndipo ikateremka Mombasa, Tanga na visiwani, na kusini kabisa huchelewa. Dar es Salaam na Unguja kilele cha joto ni Februari. Lamu husogea hadi Machi na Aprili. Lindi na Mtwara wana msimu mmoja wa mvua, na joto lao kali hutangulia mvua hizo, Novemba na mwanzo wa Desemba. Mkulima wa Mtwara akifuata kalenda yangu, atajiandaa joto likiwa limeshampita. Jua nalo lina ratiba yake: kwetu Unguja hupita utosini tarehe 9 Oktoba hivi, na tena mwanzoni mwa Machi.

Bahari huchelewa kuliko hewa. Maji ya nje ya mwamba huwa na baridi zaidi Agosti, nyuzi 25 hivi, na hufika kilele Machi, 29 au 30. Kusi, upepo wa kusini-mashariki wa miezi ya baridi, huyavuruga maji, huyapoza kwa kuyavukiza na kuleta mawingu. Kaskazi ni dhaifu, na mkondo wa pwani uendao kaskazini hupungua mbio. Kwa hiyo naandika kalenda mbili, ya hewa na ya maji. Kuku nawapangia ya hewa, mwani ya maji.

Kati ya kusi na kaskazi ipo tangambili, kipindi cha upepo kugeuka, nayo ndiyo ninayoiogopa kuliko chaka lenyewe. Katika taarifa za TMA za bahari nafuatilia mwelekeo wa upepo na kasi yake. Upepo wa kusini-mashariki ukihamia mashariki, na kwa siku tano mfululizo alasiri hauvuki kilomita 15 kwa saa, nahesabu kwamba mabadiliko yameanza, hata kama asubuhi bado kuna ubaridi. Siku za shwari katikati ya Oktoba na Novemba hutesa kuliko siku za Januari zenye nyuzi mbili zaidi lakini zenye kaskazi ya kupuliza.

Programu za simu zina kasoro ya kujua. Baadhi hutumia data za Marekani zinazotolewa kwa vipande vya kilomita 28 hivi kila upande. Unguja ina upana wa kilomita 30 na ushei tu. Kipande kinachobeba kijiji chako kinaweza kuwa nusu bahari, na matokeo yake mchana husomeka chini ya ukweli na usiku juu yake. Upepo wa programu hizo nauamini zaidi kuliko joto lake.

Ndiyo maana nina vipimajoto vyangu. Vinakaa kivulini, mita moja na nusu toka ardhini, hewa ikipita pande zote, mbali na ukuta wa mawe na bati. Ukikitundika chini ya upenu wa bati, unapima bati. Kimoja kinatunza joto la juu na la chini la siku. Vingine viwili ni pacha: kimoja kikavu, cha pili kimevikwa kitambaa cheupe cha pamba kwenye ncha, na mkia wa kitambaa umetumbukizwa kwenye chupa ya maji. Navipepea dakika tatu kisha nasoma. Tumia maji ya mvua au yaliyochemshwa na kupozwa, na badilisha kitambaa kila wiki, kwa maana chumvi ya upepo wa bahari hujijenga juu yake, maji hayavukizi vizuri, na kipimo kilicholowa husoma juu kuliko kawaida. Kipimo kilicholowa kikifika 27 saa sita mchana, kazi nzito husimama: hakuna kubeba magunia wala kuchimbia vigingi hadi alasiri.

Sasa mwani. Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani 1989, kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya mwamba, na mashamba hayo ndiyo yanayoungua leo. Kati ya aina mbili za mwani tunazolima, spinosamu huvumilia, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa. Kotonii hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Nyuma ya mwamba siku za chaka maji hupita 35. Matawi huanza kuwa meupe na laini kwenye vifundo, yanakatika, na kamba inabaki na taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mbegu. Vimelea huja kumalizia kazi, lakini kilichofungua mlango ni joto, maji yasiyotembea, au maji ya mvua yaliyopunguza chumvi.

Kupwa na kujaa ndiko kunakoamua. Upande wetu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, hukupwa saa nne asubuhi hivi, mchanga unapigwa na jua, na maji yanayorudi adhuhuri hupita juu ya mchanga huo wa moto kabla ya kuufikia mwani. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kukupwa kidogo tu, mwani haufunuki, ila maji hayabadilishwi sana na nje, na hukaa palepale yakipata moto hadi jioni. Kwa hiyo napima joto la maji mara mbili kwa kila mwezi mwandamo: bamvua saa saba mchana, na maji mafu saa tisa alasiri, kipimajoto kikiwa kwenye kina cha mwani wenyewe, si juu ya uso wa maji. Vipimo viwili mfululizo vikivuka 31, kotonii inahama.

Inahamia pale ambapo hata bamvua kubwa ikitoa maji, yanabaki kufika mapajani. Kamba ya mita tano nilikuwa naifunga mafungu 20 ya mbegu, gramu 100 kila moja, yaani kilo mbili za mbegu. Msimu wa joto naweka mafungu 16, sentimita 30 kutoka fungu hadi fungu, ili maji yapite katikati. Wenye ngalawa wanaweza kutumia kamba zinazoelea: mifuko ya mchanga chini kama nanga, chupa tupu za plastiki juu kama maboya, na kamba ikining'inia sentimita 40 chini ya uso. Ukiiacha ikaribie uso, jua hupausha mwani kana kwamba haukuhamishwa.

Kina kina gharama yake. Tasi, samaki wanaokula mwani, hula zaidi huko, hasa mbegu changa, kwa hiyo ni heri kufunga mafungu makubwa machache kuliko madogo mengi. Na akina mama wengi wanaolima hawajui kuogelea. Kuhamishia shamba kwenye maji ya kifua bila chombo na bila mtu anayejua maji ni hatari ambayo mavuno hayailipi.

Tawi likianza kupauka, kata sentimita tano ndani ya sehemu nzima, na kilichokatwa kitoke ufukweni kikakauke. Kukitupa majini ni kumpelekea jirani. Wengine huvuna wiki ya nne ili kuokoa mzigo. Mwani mchanga hukosa uzito na ute wake ni hafifu, na kwa kawaida unahitaji wiki sita. Mimi wa wiki ya nne naugeuza mbegu na kuuhamisha, siupeleki kwa mnunuzi. Faida moja ya kaskazi ni kukausha: juu ya chanja siku mbili au tatu zinatosha, wakati kwenye vuli mvua moja tu huosha chumvi na kuupausha mwani uliokwisha iva.

Nyumbani mambo ni mafupi. Madirisha ya kusini yaliyotupoza tangu Mei hayana kazi tena; kitanda kinahamia upande wa kaskazini-mashariki. Kuta nene za mawe zinafungiwa madirisha kuanzia saa nne asubuhi na kufunguliwa saa mbili usiku, hewa ya nje ikishapoa kuliko ya ndani. Feni inasaidia pwani kwa sababu hewa yetu ni nadra kuvuka nyuzi 35, joto la ngozi. Ikivuka, feni inakupulizia moto. Kuku wa nyama nawapunguza kutoka kumi hadi saba kwa mita moja ya mraba, chakula kinaondolewa saa nne asubuhi na kurudishwa saa kumi na moja jioni, na maji yanawekwa mara mbili ya kawaida, kwenye kivuli. Vifaranga naviagiza ili wiki ya tano na ya sita, mwili ukiwa mzito, zisiangukie Februari.

Mwezi wa kukesha nao ni Machi. Jua liko utosini, bahari iko kwenye kilele chake, na bamvua za karibu na siku ya usawa wa usiku na mchana hukausha maji kuliko miezi mingine. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kamba za nyuma ya mwamba hulala juani. Kabla ya hapo mbegu yote ya kotonii ninayotaka kuilima mwaka unaofuata lazima iwe kwenye maji ya kina, katika sehemu mbili tofauti, walau kilo kumi kila sehemu. Masika yakianza siharakishi kuirudisha, kwa sababu ya maji matamu. Naingoja kusi ishike sawasawa, mwishoni mwa Mei, na kipimo cha alasiri kishuke chini ya 29.