Aya Ishirini na Tano Bila Mtu

Sura ya kwanza ya Mwanzo ina aya 31, na mtu hatajwi mpaka aya ya 26. Kabla yake zimeshapita nuru na giza, maji ya juu na ya chini, nchi kavu, majani na miti, jua, mwezi na nyota, samaki, ndege, wanyama wa kufugwa na wa mwituni. Ulimwengu umeshasimama, na hakuna wa kuutazama ila aliyeuumba. Aya hizo 25 zinanisumbua kichwa kwa siku nyingi. Wengi wetu huzipita mbio tukimkimbilia Adamu na bustani, kana kwamba ni kupanga viti tu kabla mgeni rasmi hajaingia.

Ukizisoma taratibu utaona kwamba Mungu aliona kuwa ni vyema mara sita kabla mtu hajakuwapo: aya ya 4, 10, 12, 18, 21 na 25. Mara ya saba, ile ya "chema sana" katika aya ya 31, inasemwa juu ya kila kitu kwa pamoja. Mtu peke yake hakupewa neno hilo. Tena baraka ya kwanza kabisa katika Biblia, aya ya 22, walipewa samaki na ndege: wazae, waongezeke. Sisi tuliipata ya pili, aya ya 28. Hata siku yetu wenyewe hatuna. Siku ya sita tunaigawana na ng'ombe na vitambaavyo. Kwangu hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kubuni lolote juu ya dunia ya kale: andiko lenyewe linaihesabu dunia isiyo na watu kuwa kitu kamili, chenye thamani mbele za Mungu.

Anayetaka kuliwaza jambo hili bila kupotea achukue karatasi, aigawe safu mbili. Safu ya kwanza aandike siku sita za sura ya kwanza. Ya pili aandike mpangilio wa sura ya pili kuanzia aya ya 4. Atakuta katika sura ya kwanza mimea ni siku ya tatu, wanyama siku ya tano na ya sita, kisha mwanamume na mwanamke pamoja mwishoni. Katika sura ya pili mwanamume anafanyizwa aya ya 7, bustani na miti yake aya ya 8 na 9, wanyama aya ya 19, mwanamke aya ya 22. Kosa la kawaida ni kuzishona safu hizi mbili ziwe simulizi moja, halafu mtu anabaki akihangaika kama miti ilitangulia au ilifuata. Sura ya kwanza inatazama mbingu na nchi kwa upana wake. Ya pili inatazama ardhi ya kulimwa na mtu atakayeilima. Kila moja ina swali lake.

Mfano mzuri ni mvua. Mwanzo 2:5 inasema hapakuwa na mche wa kondeni bado, kwa sababu mbili: BWANA Mungu hajainyeshea nchi mvua, wala hapakuwa na mtu wa kuilima ardhi. Aya ya 6 inaongeza kwamba ukungu ulipanda ukatia maji juu ya uso wa ardhi. Kuna wanaoijenga hapo hoja kwamba duniani hapakunyesha hata tone mpaka siku za Nuhu. Lakini aya hiyo inazungumzia konde: shamba linahitaji mvua na mkulima, na vyote viwili havijafika.

Na miamba ina neno la kusema juu ya hili. Afrika Kusini kuna majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe miaka bilioni 2.7 iliyopita, na juu ya uso wake kuna alama za matone ya mvua. Ukiitazama alama moja kwa karibu unaona kishimo kidogo cha milimita chache, chenye ukingo ulioinuka pale majivu mabichi yaliposukumwa na tone. Alama kama hiyo haidumu kirahisi. Majivu yakiwa makavu mno tone linayatawanya. Yakiwa chepechepe kishimo kinajifunga. Na mvua ikiendelea, matone ya baadaye yanafuta ya mwanzo. Inatakiwa mvua fupi, kisha tabaka jingine la majivu lishuke upesi lifunike. Yote hayo yalitokea mahali fulani alasiri moja, au usiku mmoja, wakati kiumbe mkubwa kuliko bakteria pengine hakuwapo popote duniani.

Ayubu 38 inalijua jambo hili kuliko wahubiri wengi. Mungu anamuuliza Ayubu alikuwa wapi ilipowekwa misingi ya nchi, na katika aya ya 26 anataja mvua inayonyesha juu ya nchi isiyo na mtu, jangwa ambalo hapana mwanadamu ndani yake. Mvua ile haimwagilii shamba la mtu yeyote. Ayubu anaambiwa ajue kwamba Mungu ana kazi zisizomhusu yeye.

Sasa umri wa dunia. Hesabu ya miaka elfu sita inatoka kwenye nasaba za Biblia, na inafaa kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Chukua Mwanzo 5 na ujumlishe umri wa kila baba alipomzaa mwana anayetajwa: Adamu 130, Sethi 105, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182. Ongeza miaka 600 ya Nuhu siku ya gharika. Jumla ni 1,656 tangu Adamu hadi gharika. Askofu mkuu James Ussher wa Armagh, Ireland, aliendelea hivyo mpaka kwenye wafalme, akaifunga hesabu yake na kifo cha Nebukadreza mwaka 562 KK, na mwaka 1650 akachapisha matokeo: uumbaji ulikuwa Oktoba 4004 KK. Watu humcheka, na si haki. Alikuwa msomi makini aliyetumia kila kumbukumbu iliyopatikana zama zake.

Tatizo liko kwenye namba zenyewe. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, ile ya Sabini, inawapa mababa kadhaa miaka 100 zaidi kabla ya kuzaa: Adamu 230, Sethi 205, Enoshi 190. Ndiyo maana Wakristo wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, walihesabu uumbaji tangu 5509 KK, na Wayahudi kwa njia yao wakapata 3761 KK. Katika baadhi ya nakala za Kiyunani Methusela anamzaa Lameki akiwa na miaka 167, na Lameki anamzaa Nuhu akiwa na 188. Jumlisha na 600 za Nuhu: Methusela ana miaka 955 gharika inapokuja. Lakini anaishi 969, kwa hiyo inabidi awe hai miaka 14 baada ya gharika, na ndani ya safina hakuwamo. Katika Kiebrania hesabu inakaa sawasawa: 187, 182 na 600 zinatoa 969, naye anafariki mwaka ule ule wa gharika. Anayesema "Biblia inataja umri wa dunia" aseme kwanza ni nakala ipi.

Umri unaotoka kwenye miamba hupatikana kwa njia nyingine kabisa, na wanaoukataa mara nyingi hawajaelezwa unavyopimwa. Kuna kifuwele kidogo kiitwacho zirkoni. Kinapoganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka hukaribisha metali ya urani ndani yake na kuikataa metali ya risasi. Urani ile huoza polepole na kuwa risasi. Aina moja ya urani hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.47, nyingine kwa miaka milioni 704. Risasi inayokutwa ndani ya kifuwele, basi, kimsingi imezaliwa humo humo, na kuna saa mbili zinazokaguana. Inayoharibu kipimo ni risasi kuvuja kifuwele kinapopashwa joto au kupasuka. Hilo likitokea saa mbili hazikubaliani, na mpimaji anajua kuna kasoro. Zirkoni za Jack Hills, Australia, zina umri wa hadi miaka bilioni 4.4. Mwanasayansi Clair Patterson alipima risasi ya vimondo, mawe ya angani yaliyoundwa zama moja na dunia, na mwaka 1956 akatangaza bilioni 4.55 kwa dunia yenyewe. Shida yake kubwa ilikuwa risasi ya hewani na ya vyombo kuingia kwenye sampuli. Ilimbidi kusafisha maabara kuliko mtu yeyote kabla yake.

Kati ya hesabu hizi mbili watu wamejenga madaraja. Mhubiri Mskoti Thomas Chalmers alifundisha mwaka 1814 kwamba kati ya aya ya 1 na ya 2 kuna pengo: dunia ya kwanza iliumbwa, ikaharibiwa, ikawa ukiwa na utupu, kisha ikatengenezwa upya kwa siku sita. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 iliyaeneza mawazo hayo kwa maelezo ya pembeni. Wanaoyashika husoma Isaya 45:18, kwamba Mungu hakuiumba nchi iwe ukiwa, na Yeremia 4:23. Ni wazo la kuvutia, lakini Kutoka 20:11 inaziweka mbingu, nchi, bahari na vyote vilivyomo ndani ya siku sita zile zile. Miamba nayo haionyeshi kwamba uhai wote ulikatika kabla tu ya mtu kufika.

Wengine huifanya kila siku kuwa kipindi kirefu. Tujaribu kwa hesabu. Gawa miaka bilioni 4.54, umri wa dunia kwa vipimo vya sasa, kwa siku sita: kila siku inapata kama miaka milioni 757, kila saa kama milioni 31.5. Alama za kale za bakteria katika miamba ya Pilbara, Australia, za miaka bilioni 3.48, zinaangukia siku ya pili. Oksijeni inaanza kujaa angani mwishoni mwa siku ya tatu, na hapo wengi hushangilia mapema, kwa kuwa siku ya tatu ni ya mimea. Ila walioitoa oksijeni hiyo walikuwa bakteria wa majini. Wanyama wenye magamba na miguu wanajaa baharini katika saa 17 za mwisho za siku ya sita, mimea inapanda nchi kavu saa 15 za mwisho, dinosaria wakubwa wanatoweka zikiwa zimebaki saa mbili na ushei. Mtu wa aina yetu, kwa mabaki ya Jebel Irhoud, Moroko, ya miaka kama 300,000, anaingia katika sekunde 34 za mwisho.

Hata ukizivuta siku ziwe na urefu tofauti, mpangilio unagoma. Miti ya matunda ni siku ya tatu na viumbe wa baharini siku ya tano, lakini samaki waliitangulia miti ya matunda kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Ndege ni siku ya tano na vitambaavyo siku ya sita, lakini ndege wametokana na watambaao wa nchi kavu. Nyangumi nao ni wa siku ya tano, na babu zao walitembea kwa miguu minne miaka kama milioni 50 iliyopita.

Mimi naona siku zile ni mpango wa kupanga maana. Siku tatu za kwanza zinatenga mahali: nuru na giza, anga na maji, nchi kavu. Tatu zinazofuata zinajaza mahali pale pale kwa zamu: mianga, samaki na ndege, wanyama na watu. Ukisoma hivyo, nuru kutangulia jua hakukukwazi tena. Swali hilo si la leo. Origeni, mwalimu wa kanisa la kale, aliliuliza katika karne ya tatu, na Agustino, mwalimu mwingine wa kanisa la kale, hakuzichukua siku zile kuwa za kawaida za jua, karne nyingi kabla ya jiolojia.

Kuna daraja moja ambalo nalikataa kwa moyo wote. Mfaransa Isaac La Peyrère alichapisha mwaka 1655 hoja kwamba palikuwa na watu kabla ya Adamu, akitumia mke wa Kaini, hofu ya Kaini ya kuuawa na mji alioujenga katika Mwanzo 4. Kitabu kilichomwa moto Paris, naye akakamatwa na kulazimika kukana. Maswali yake yalikuwa ya haki. Ila katika karne ya 19 wazo hilo lilichukuliwa na watu waliotaka kusema mataifa mengine hayatokani na Adamu, hivyo si watu kamili. Matendo 17:26 inasema kila taifa lilitoka katika mmoja. Anayebuni watu wa kabla ya Adamu aangalie anamtoa nani nje ya mlango.

Linalobaki gumu ni kifo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba South Dakota, Marekani, limepatikana jino la Tyrannosaurus rex, dinosaria mkubwa mla nyama, limekwama kati ya pingili mbili za mkia wa dinosaria mla majani, na mfupa umeota kulizunguka. Mnyama yule aliumwa, akaponyoka, akaishi mpaka jeraha likapona. Ni miaka kama milioni 66 kabla ya mtu yeyote kutenda dhambi. Wanaosema hapakuwa na kifo cha aina yoyote kabla ya Adamu wana jino hilo la kulieleza. Husimama juu ya Mwanzo 1:30, ambapo wanyama wanapewa majani kuwa chakula, na Warumi 8:22, viumbe vyote vikiugua. Lakini Warumi 5:12 inasema kifo kiliwafikia watu wote, haisemi simba wala samaki, na Zaburi 104:21 inawaona wana-simba wakinguruma kuomba mawindo yao kwa Mungu, katikati ya zaburi ya sifa. Mimi nasimama na zaburi hiyo. Kuugua kwa viumbe katika Warumi 8 sijakuondoa mezani, na sidhani mtu mkweli anaweza kukuondoa upesi.