Minofu ya sato iliyokuwa inanywea na kutoa maji: jinsi nilivyotatua

Wenzangu mnaouza minofu ya sato wa vizimba, hili limenitesa sana, sasa limekwisha. Minofu ilikuwa inaingia kwenye friza mipana na mizuri. Ikiyeyushwa inajikunja, inafupika, na sahani inajaa maji. Ukikaanga, inakuwa kama mpira.

Nilipunguza baridi, nikabadilisha mifuko, nikalowesha kwenye maji ya chumvi. Wapi!

Kumbe samaki walikuwa wabichi mno, wametoka kufa tu, kukatwa minofu. Samaki akifa, msuli wake bado una ATP, nishati ya seli, na glikojeni, akiba ya wanga msulini, inaendelea kugeuka asidi ya laktiki. ATP ikikaribia kwisha, nyuzi za msuli hushikana, samaki anakakamaa. Akiwa hajakatwa minofu, mifupa huzuia msuli usifupike. Mnofu uliokatwa mapema hauna cha kuuzuia. Ukigandishwa hivyo kisha ukayeyushwa haraka, ukakamavu unakuja kwa nguvu na kukamua maji.

Sasa nawatoa matumbo na matamvua, nawaosha, nawalaza wazima kwenye barafu iliyopondwa, nyingine ndani ya tumbo, kwenye kreti yenye matundu ili maji yachuruzike. Nasubiri wakakamae, kisha walegee. Kipimo changu ni hiki: nashika kichwa, nanyanyua. Mkia ukisimama kama ubao, narudisha kwenye barafu. Ukianza kuinama, napasua papo hapo na kugandisha.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, usiku kucha. Maji ya moto hapana.