Siku moja na midungusi yangu wakati wa baridi

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kitu kingine chochote, kipimajoto. Changu huhifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku, nami nimekitundika usawa wa mimea yenyewe, kwa sababu usiku mtulivu usio na mawingu hewa baridi hushuka na kulala chini. Leo kinasema nyuzi 2 chini ya sifuri. Sina wasiwasi sana. Udongo ni mkavu, na mdungusi ukiwa mkavu huvumilia baridi ambayo ungeoza nayo kama mizizi ingekuwa imelowa.

Saa 3. Jua limepanda, jalidi imeyeyuka, nafunua. Ninatumia kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha hewa. Nailoni sitaki iguse miiba hata kidogo: unyevu huganda ndani yake, kisha unadondokea mmea. Nailoni kazi yake ni paa la kuzuia mvua, limeinuliwa juu, pande zote wazi ili upepo upite.

Saa 4. Huu ndio ukaguzi wenyewe, na hapa sina haraka. Mmea uliopigwa na baridi unaonekana: ngozi inang'aa kama imelowa, baadaye inageuka kahawia au nyeusi. Kuoza ni kwingine, huanzia chini kimyakimya, kwa hiyo nabonyeza shina karibu na udongo kwa mpini wa kisu. Mmoja kati ya ile mirefu umebonyea. Nimeukata juu ya sehemu laini, nikatazama nyama yake: katikati, kwenye ule mduara wa mishipa, kulikuwa na doa la rangi ya chungwa. Nikapangusa kisu kwa spiriti, nikakata kipande kingine, doa likapungua. Nikakata tena hadi nyama ikawa safi kote. Ukiacha doa dogo tu, kazi yote ni bure. Nimenyunyizia unga wa salfa kwenye jeraha na kukiweka kipande ndani, pakavu. Kitapandwa joto likirudi, si kabla.

Saa 6 mchana. Jirani kachungulia. "Dada, hii mimea yako imekufa kiu!" Alikuwa anaonyesha mdungusi uitwao Opuntia humifusa, ambao vipande vyake vimenywea na kulala chini. Nimemwambia hiyo ndiyo salama yake. Mmea unajipunguzia maji, utomvu unakuwa mzito, na utomvu mzito haugandi upesi. Jamii hiyo inastahimili hata theluji. Midungusi mingi ya baridi, kwa maoni yangu, huuawa na huruma ya mwenyewe na ndoo ya maji.

Saa 9. Nimeongeza kokoto kwenye tuta lililoinuliwa kando ya ukuta unaopokea jua la mchana. Ukuta hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Zaidi ya nusu ya tuta ni kokoto na mawe ya volkeno, na limeinama kidogo ili maji yasitulie. Mbolea yenye naitrojeni nyingi niliacha mapema, maana huotesha nyama laini isiyohimili jalidi. Aina za midungusi ziitwazo Melocactus na Discocactus sizijaribu nje kabisa. Hizo zinataka joto, ziko ndani dirishani.

Saa 11 jioni. Anga imekuwa safi, upepo umekufa. Dalili mbaya. Nafunika kabla jua halijazama ili joto la ardhi libaki chini ya kitambaa, nikikishusha mpaka kiguse udongo. Ile mirefu naivalisha vichwani vikombe vyepesi vya povu la plastiki, kwa kuwa ncha ndiyo inayokua na ndiyo hufa kwanza. Inachekesha, lakini hata watunzaji wa saguaro, ile midungusi mirefu mikubwa ya huko Arizona, Marekani, hufanya hivyo. Saguaro changa jangwani hukua chini ya vichaka vinavyozikinga; za kwetu zinakingwa na vikombe.

Saa 3 usiku. Mawingu yameingia ghafla. Kwa jalidi ni nafuu, kwani mawingu hurudisha chini joto la ardhi, ila sasa naogopa mvua, na paa la upande wa kisima lina tobo. Nimechukua tochi na gundi, nimekwenda kuliziba.