Mpasuko wa Nyiragongo

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ndiye aliyelipa. Alisema ni aibu watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuzeeka bila kupanda Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilhali mzungu anashuka kwenye ndege leo, kesho yuko kileleni. Mimi mlima ule nilikuwa nimeshaujua vya kutosha. Tarehe 17 Januari 2002 ulitufuata hadi nyumbani, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na godoro kichwani. Tuliporudi, pale palipokuwa na nyumba palikuwa na mwamba mweusi, bado una joto. Baadaye tukajenga ya mbao juu yake, kama majirani wote.

Basi kiangazi cha 2017 tukapanda pikipiki hadi Kibati, barabara ya Rutshuru. Tukakodi fimbo, tukawekwa kundi moja na wageni, walinzi wa mbuga wenye bunduki mbele na nyuma. Aliyetangulia alikuwa na mvi, na wabebaji wote walimwita Papa, nasi tukafuata hivyohivyo.

Kibati haifiki hata mita 2,000, kilele kiko 3,470, na njia yote ni kama kilomita 8. Ukisikia namba hizo mjini unaona si kitu. Lakini msitu ukiisha unaingia kwenye lava tupu: hakuna kivuli, hakuna maji, vijiwe vinakimbia chini ya kiatu, unapanda hatua mbili unarudi moja, kama mtu anayepanda lundo la makaa. Wabebaji walitupita na maji, chakula na mifuko ya kulalia mgongoni, wengine wamevaa kandambili, wakipiga soga.

Yaya naye alikuwa na soga yake. Kuna komisioneri, dalali wa viwanja, aliyemwonyesha kiwanja Munigi, kaskazini mwa mji: bei nzuri, karibu na barabara, na mawe ya msingi yako palepale, hununui hata moja. Alikizungumzia kiwanja hicho tangu msituni hadi pumzi ilipomkatikia.

Kisha tukafika kwenye mpasuko. Nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, nikidhani ni ufa tu. Ulikuwa korongo lililochanwa ubavuni mwa mlima, kuta zake zimepinda na kuungua, na mvuke wa moto unatoka katikati ya mawe. Wabebaji walitua mizigo wakakaa kuota mvuke huo, maana upepo wa huko tayari una baridi. Papa naye akaketi.

“Nyinyi wa mjini mnaogopa kule juu,” akasema. “Moto wa 2002 haukumwagika kutoka juu. Ulitokea humu.” Akanyoosha fimbo kufuata mstari wa ufa, kando ya Shaheru, ule mlima mdogo uliokufa zamani, kisha chini, chini zaidi. “Hata 1977 ilikuwa hivyo. Ubavu ulipasuka, ziwa la moto likatoka lote kwa muda usiofika saa moja. 2002 ufa ulishuka hadi Munigi.”

Yaya akakaa kimya. Halafu akauliza, “Munigi ipi, Papa?”

“Munigi ni moja tu, mama.”

Mteremko wa mwisho, penye lobelia, ni wa kutambaa. Kuhusu kilele sitaongeza mengi, wageni wameshakipiga picha za kutosha. Shimo lina upana wa zaidi ya kilomita moja, na chini kabisa ziwa jekundu lilikuwa likipasuka na kujifunga. Lilipendeza, nakiri. Ila mimi niligeukia kusini, zilikokuwa taa za Goma na Gisenyi, nikawa naukadiria ule mstari wa fimbo ya Papa hadi kwetu. Usiku kwenye vibanda ulikuwa wa kutetemeka tu.

Asubuhi, wakati wa kushuka, yaya alisimama kwenye mpasuko akaupiga picha kila upande. Simu iliposhika mtandao karibu na Kibati, mtu wa kwanza kupigiwa alikuwa komisioneri.

Hakununua Munigi. Tarehe 22 Mei 2021, ubavu ulipopasuka tena na lava ikashuka hadi Buhene, pembezoni mwa Goma, alinipigia kunikumbusha nani alilipia safari ile. Wakati huo alikuwa ameshajenga Mugunga, magharibi mwa mji, mbali na mstari wa Papa. Huko tatizo ni mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua bila harufu. Siku ya kukabidhiwa kiwanja, mwenyeji alimpeleka kwanza kwenye kona yenye kishimo, akamwambia hapo asifunge mbuzi wala asiache mtoto achezee.