Gari linalozimika likipata joto

Jumamosi ni siku yangu ya kukusanya mizigo. Naanzia Coventry, napita Leicester, namalizia Birmingham, nabeba mapipa na maboksi ambayo Watanzania wenzangu wanatuma nyumbani kwa kontena. Gari langu ni van ya dizeli ya mwaka 2006. Kwa miaka minne halikuwahi kunilaza njiani. Novemba iliyopita likaanza kuzima.

Mara ya kwanza nilikuwa kwenye barabara kuu ya M69, mapipa saba nyuma, maili 60 kwa saa. Halikukohoa wala kupungua nguvu. Lilizima kama vile mtu amezungusha ufunguo, na redio ikaendelea kuongea. Usukani ukawa mzito palepale. Breki nayo, injini ikishazima, inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo unakanyaga kama unasukuma ukuta. Nikawasha hazadi, nikaliachia lijisogeze hadi pembeni kushoto, nikatokea mlango wa abiria na kusimama nyuma ya kingo za chuma, malori yakipita na upepo wake. Nikaomba dua zote ninazozijua. Kila nilipopiga stata, injini ilizunguka bila kuwaka. Baada ya dakika 25 ikawaka mara moja.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine, haikuonyesha kosa lolote. Wakabadilisha filta ya dizeli. Wiki mbili baadaye likazima tena, wakasema ni pampu. Pauni 340 zikaondoka, pesa niliyokuwa nimeitenga kwa ada ya mdogo wangu, na Jumamosi iliyofuata nikawa tena pembeni ya barabara. Mafundi wale hawakuwa watu wabaya. Tatizo ni kwamba gari lilikuwa likiwafikia limeshapoa, linawaka vizuri. Ugonjwa unaokuja na kuondoka huwezi kuufukuza kwa kubadilisha spea. Lazima uwepo ukija.

Wenzangu wakanishauri niuze. Tangu Juni 2021, van ya dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 inalipa pauni 8 kwa siku kuingia katikati ya Birmingham, kwa hiyo magari ya rika hili wengi wameshayakimbia. Mimi napita pembezoni. Sikuwa na pesa ya gari jingine.

Nikampigia mjomba. Yeye ni fundi umeme wa magari Gerezani, Dar es Salaam, tangu mimi sijaanza shule. Huku ilikuwa saa mbili usiku, kwao saa tano.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Linazima vipi? Linakata ghafla au linakufa polepole?”

“Ghafla.”

“Basi achana na mafuta kwanza. Likikosa dizeli au likivuta hewa, mara nyingi litasitasita kabla halijazima. Safari ijayo, likizima ukiwa bado kwenye gia, tazama mshale wa mizunguko ya injini kabla hujakanyaga klachi. Magurudumu yatakuwa bado yanaizungusha injini. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo, nipigie tuanze upya. Ukianguka sifuri gari likiwa bado linakwenda, sensa ya krenki, kile kifaa kinachohisi mzunguko wa injini, haisemi kitu.”

Hakuna mashine iliyoniambia hivyo. Ile sensa inahesabu meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini, na kuieleza kompyuta injini iko wapi katika mzunguko wake. Ikinyamaza, kompyuta inaona injini imesimama, inaacha kupuliza dizeli. Kwangu haikuwa na sababu ya kuandika kosa: kwa hesabu zake, gari lilikuwa limezimwa tu.

Jumamosi ile nilikwenda nikiwa naogopa, lakini nikitaka lizime. Lilizima nikikaribia Leicester. Mshale ukaanguka sifuri, na spidi bado maili 40.

Jumapili nikaingia chini ya gari, nikaifungua sensa pale injini inapokutana na gia boksi. Nikaiweka juu ya meza ya jikoni na multimita. Ya kwangu ni ile ya waya uliozungushwa kama koili ndani, kwa hiyo inapimika kwa omu, yaani ukinzani wa waya. Ikiwa baridi ilisoma 910, namba nzuri kabisa. Kisha nikachukua drai ya nywele ya mke wangu nikaipuliza. Ikapanda 950, 1,000, 1,060, jambo la kawaida kwa waya wa shaba ukipata moto. Halafu ghafla kipimo kikakata, waya umeachia ndani. Nikaipoza kwa kitambaa chenye maji, 910 ikarudi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akishuhudia. Nikarudia mara tatu, majibu yakawa yaleyale.

Sensa mpya ilinigharimu pauni 38. Zilikuwepo za pauni 9 pia, lakini kitu kitakachokaa kwenye joto lile sikutaka kukinunua kwa urahisi wa bei. Kabla ya kuifunga nilizichezea waya zake hadi kwenye plagi, kwa sababu waya uliochubuka ungeleta dalili zilezile na sensa mpya isingesaidia. Zilikuwa nzima.

Hii ni Jumamosi ya kumi na nne halijazima. Ile sensa ya zamani nimeitia kwenye pipa linalokwenda Dar, imefungwa ndani ya soksi. Mjomba ameiomba, anataka vijana wake pale Gerezani waipime wenyewe, kwanza baridi, halafu ya moto.