Nilipoacha kusema "sijambo"

Siku niliyojua kwamba miguu yangu imeniacha, nilikuwa juu ya bodaboda, nimeshuka feri upande wa Likoni, hapa Mombasa, naelekea nyumbani. Ilikuwa mwaka 2022, magharibi inakaribia, mkoba wa madaftari ya wanafunzi nimeupakata. Viatu vya kazi nilikuwa nimevivua kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, nikavaa ndara. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, nikadhani ni tairi la lori lililokuwa mbele yetu. Yule kijana akapunguza mwendo, akageuka, akapiga kelele: "Mama, mguu! Mguu wako!"

Ndara ya kulia ilikuwa imeyeyuka na kunata kwenye ekzosi, na ngozi ya kifundo imeandamana nayo. Kijana wa watu alitetemeka. Mimi sikusikia maumivu, sikusikia hata joto. Nilikitazama kidonda kile kama nakitazama kwenye mguu wa mtu mwingine.

Kilichukua miezi minne kufunga.

Nina kisukari tangu 2011. Nilikuwa najua kuhusu macho na figo, kwa sababu hayo ndiyo yanayosemwa sana. Habari ya neva, yaani mishipa ya fahamu, sikuitilia maanani. Sukari ikikaa juu kwa miaka huziumiza neva zenyewe na vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha, na neva ndefu ndizo zinazotangulia kuharibika. Ndiyo maana huanzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda polepole kama mtu anayekuvisha soksi. Na wengi hudhani ganzi ni kutosikia tu, basi. Mchana kweli siisikii sakafu. Lakini usiku miguu hiyohiyo huwaka, huchoma kama imepakwa pilipili, na shuka likiigusa nataka kulia. Nimeshindwa mara nyingi kumweleza mtu jinsi mguu mmoja unavyoweza kukosa hisia na kuuma kwa wakati mmoja.

Kwenye kliniki ya kisukari, sista mmoja alinilaza, akaniambia nifumbe macho niseme "ndiyo" kila akinigusa. Alikuwa na kiuzi kigumu cha plastiki, cha kujaribu hisia za nyayo. Nikangoja. Nikangoja sana. Nikamwambia, "Sista, anza basi." Akanishika mkono. "Mwalimu, nimeshamaliza miguu yote miwili."

Ni yeye aliyeniuliza kama nimejiandikisha. Nikamuuliza wapi. Akasema, "Kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu." Nilichukia, nasema kweli. Mlemavu kwangu alikuwa mtu wa gongo au wa kiti cha magurudumu, si mimi ninayesimama mbele ya darasa kila siku. Nilikaa na neno lile zaidi ya mwaka mzima kabla sijalikubali. Kilichonisukuma ni feri. Wanaovuka Likoni wanajua: maji yakipwa, ule mteremko wa kuingilia huwa mkali, umelowa, na nyuma yako kuna mamia ya watu wenye haraka. Mtu asiyezisikia nyayo zake hajui kama kakanyaga au bado. Nilianguka mara mbili ndani ya wiki moja, na mara ya pili waliokuwa nyuma yangu nusura wanipande.

Huku Kenya mlango wa kwanza ni tathmini ya kitabibu kwenye hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Nilienda Januari 2024. Hospitali siitaji jina. Siku hiyo nilivaa vizuri, nikajifunga mtandio, nikajitahidi kutembea sawasawa kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kama ninavyofanya kila mahali. Daktari akaniuliza hali. "Sijambo, daktari." Unatembea? "Natembea." Unafanya kazi? "Nafanya, alhamdulillahi." Unajihudumia mwenyewe? "Najihudumia." Akafunga faili. "Mama, kisukari ni ugonjwa, si ulemavu." Nikashukuru, nikaondoka. Nilikuwa nimeketi mbele yake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nililia kwenye matatu. Lakini usiku, miguu inawaka na usingizi hauji, nikayarudia majibu yangu moja baada ya jingine. Daktari yule alikosea, maana sheria yetu ya mwaka 2003, iliyokuwa ikitumika wakati huo kabla ya hii mpya ya 2025, haikuorodhesha magonjwa. Iliangalia upungufu wa mwili au hisia unaomzuia mtu kushiriki maisha kama wengine. Hata hivyo mimi nilimpa nini cha kuandika? Sisi tumelelewa hivyo. Ukiulizwa hujambo, jibu ni sijambo, hata kama umelala kitandani na homa, ndipo baadaye, mtu akikaa, akanywa maji, unamwambia "ila kichwa kidogo." Daktari hakukaa kungoja hiyo "ila". Na mimi sikujua kuanza nayo.

Kwa hiyo nikanunua daftari la kurasa arobaini na nane. Kwa miezi miwili niliandika kila jioni jambo moja tu: leo mwili umenizuia nini. Sikuandika sukari wala dawa. Binti yangu alinisaidia kukumbuka, kwa sababu mengi nilikuwa nimeyazoea nisiyaone tena. Nanakili hapa machache:

"Jumatatu. Nimesimama dakika kumi na tano katika kipindi cha dakika thelathini na tano. Zilizobaki nimeegemea dawati la wanafunzi."

"Jumatano. Feri. Nimemshika bega mama nisiyemjua hadi chini. Hakusema kitu, Mungu ambariki."

"Alhamisi. Maji ya kutawadha, Mariamu ameyapima kwa kiwiko chake kwanza."

"Jumamosi. Kizibo cha soda ndani ya kiatu tangu asubuhi. Nimekiona saa mbili usiku, soksi ina damu."

"Jumapili. Saa nane usiku niko macho. Miguu nimeitoa nje ya shuka."

(Mariamu ndiye binti yangu, ila si jina lake halisi.)

Nikarudi kliniki na daftari. Barua ya kwanza ya daktari wangu wa kisukari ilikuwa mstari mmoja: ana kisukari aina ya pili na nyuropathi (ndiko huko kuharibika kwa neva), anatumia dawa. Nikamwomba kwa adabu aandike nyingine inayoeleza kinachotokana na ugonjwa huo: kwamba nimepoteza hisia ya kinga, ile inayomwonya mtu asijiumize, kwenye nyayo zote mbili, kwamba mizani ya mwili imeharibika, nimeanguka mara ngapi, nimeungua lini, kidonda kilikaa muda gani, na kwamba hali hii haitarajiwi kurudi ilivyokuwa. Hakukasirika. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia barua hiyo ni ya kazi gani. Kama kuna jambo moja ningetaka mwenzangu alichukue hapa, ni hili: mwambie daktari barua inakwenda wapi na itasomwa na nani.

Juni nilikwenda kwenye tathmini ya pili, hospitali nyingine. Safari hii sikujipamba. Nilivaa ndara, nikaja na binti yangu na daftari. Walikuwa zaidi ya mmoja mezani. Walipouliza hali nikasema, "Daktari, hali yangu si nzuri, naomba niwaonyeshe." Nikavua. Wakaona kovu la ekzosi, wakaona magamba ya wayo. Mmoja wao, mtaalamu wa viungo, akaniambia nisimame miguu pamoja nifumbe macho. Nikafumba. Sikuhisi kwamba naanguka. Nilihisi tu mikono yake ikinidaka. Alipoandika, aliandika kwa muda mrefu. Fomu ile ina sehemu ya ulemavu wa mwili na pia sehemu ya magonjwa sugu yanayozidi kuudhoofisha mwili. Kumbe nafasi yetu ilikuwapo siku zote.

Baada ya hapo mambo yalikuwa ya makaratasi tu: sahihi za madaktari, idhini ya afya ya kaunti, kisha kujiandikisha kwenye Baraza kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kitambulisho na picha. Kujiandikisha kwenyewe ni bure. Atakayekuomba pesa ya "kuharakisha", mwache na njaa yake.

Ukishasajiliwa unapewa kadi ya ulemavu. Kadi si pesa. Hili niliambiwa mapema nikashukuru, kwa sababu wengi huipata wakangoja simu inayosema kuna kitu kimeingia. Kadi ni ufunguo, lazima uende mwenyewe kwenye kila mlango. Mlango wangu mkubwa ulikuwa kodi. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa anaweza kuomba KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Kwa mshahara wa mwalimu kama mimi, hiyo ni kodi yote ya mapato. Makato mengine yanabaki palepale.

Ombi hilo linataka, pamoja na kadi, ripoti ya hospitali na hati ya malipo, barua ya kazini inayoeleza ulemavu wako na jinsi unavyoathiri kazi yako. Barua yangu ilianzia kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye anayeniona kila siku. Ananipenda, tumefundisha pamoja miaka mingi. Akaniita ofisini kwa furaha, akanisomea: Mwalimu huyu ni mchapa kazi, hajawahi kukosa kipindi, anajituma kuliko walimu vijana, hali yake haijamzuia kwa lolote. Nikamtazama. Nikamwambia, "Mkuu, barua hii ni nzuri mno. Nikiipeleka nimekwisha."

Akacheka kwanza, kisha akanyamaza. Nikampa daftari. Alilisoma lote palepale, miwani ikimshuka puani, kengele ya mapumziko ikalia na kulia tena. Alipofika kwenye kizibo cha soda aliuliza, "Siku hii si ndiyo ulikuwa zamu?" Nikamwambia ndiyo. Nilizunguka uwanja mzima nacho. Aliichana ile barua mwenyewe. Ya pili tuliiandika pamoja, na kila sentensi iliniuma kuisikia, kwamba mwalimu huyu hawezi kusimama kipindi kizima, hawezi kupanda ghorofa bila kushika ukuta, hawezi kupewa zamu ya uwanjani kwa usalama. Ni miaka thelathini ya kujithibitisha kazini, na sasa nampa mtu kalamu aandike nisichokiweza. Lakini kila neno lilikuwa kweli. Na wiki iliyofuata, bila mimi kuomba, darasa langu lilihamishiwa chini na nikakuta kiti kirefu karibu na ubao.

Cheti cha msamaha kilitoka kabla mwaka haujaisha. Kwangu mimi ni zaidi ya shilingi elfu nane kila mwezi, ambazo sasa ni vibanzi vya kupimia sukari, viatu vipana visivyo na mshono wa ndani, na teksi ya siku ambazo feri siiwezi. Kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo nimeiandika ukutani jikoni nianze kukihuisha mapema. Na nakala ya kadi niliipeleka kwa mwajiri mara moja, kwa sababu mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60. Usingoje ufike 59 ndipo ukumbuke kwamba unaumwa, utaonekana umebuni.

Kuna jambo linanikera hata leo. Msaada huu umenifaa kwa sababu nina hati ya malipo. Kliniki tunaketi benchi moja na mama anayechoma mahamri Mtongwe, miguu yake ni mibaya kuliko yangu. Yeye hana kodi ya kusamehewa. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za wenye ulemavu mkali sana walio kwenye kaya maskini, na anayetembea, hata akitembea hivyo, si rahisi kuhesabiwa humo. Kadi inaweza kumfungulia ombi la vifaa vya kujimudu kupitia mfuko wa Baraza, na hilo ndilo tulilolishika. Ni kidogo. Naona ni kidogo mno.

Nilimsindikiza kwenye tathmini mwezi uliopita. Tulipoingia, daktari kijana akainua kichwa, akauliza, "Hujambo mama?" Akajibu, kama nilivyojua atajibu, "Sijambo, mwanangu." Nikamfinya mkono chini ya meza. Akanitazama, akamtazama daktari. Kisha akainama, akavua kandambili ya kushoto, akauweka mguu wake juu ya kiti kilichokuwa kitupu, akasema, "Ila juzi nilikanyaga kaa la moto, mwanangu, na aliyeniambia ni mjukuu wangu."